Ukungu wa Nje na Ukungu wa Ukutani

Kiswahili kinatumia neno moja, ukungu, kwa vitu viwili ambavyo mkazi wa Njombe, Makete, Lushoto au Limuru anavijua vizuri. Upo ukungu unaoshuka asubuhi za Juni na kufunika mashamba ya chai hata nyumba ya jirani isionekane. Upo pia ukungu mweusi unaoota kwenye kona ya jiko, nyuma ya kabati la vyombo, au juu ya dirisha pale plasta inapokutana na dari. Kwa kuwa jina ni moja, na kwa kuwa vyote viwili hushamiri msimu wa baridi, watu wengi wanaamini kwamba wa kwanza ndio mzazi wa wa pili, yaani unyevu wa nje unapenya ndani na kuotesha weusi ukutani. Kwa hiyo wanafunga. Dirisha linafungwa, tundu za juu ya ukuta zinazibwa kwa magunia na matambara, mlango unasukumwa hadi mwisho. Wanafunga pia kwa sababu ya pili iliyo wazi zaidi: kuni na mkaa vinanunuliwa kwa fedha au kwa mgongo, na hakuna anayetaka joto alilolilipia litoke dirishani. Ninaona kwamba sababu zote mbili zinatokana na hesabu iliyokosewa. Hewa ya nje, hata ile iliyojaa ukungu, hukausha jiko. Na joto tunaloogopa kulipoteza halikai kwenye hewa kwa kiasi tunachodhani. Mwizi wa joto jikoni ni mvuke, na tukimfungia ndani anaendelea kuiba.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa hubeba maji yasiyoonekana, na uwezo wake wa kuyabeba hupanda na kushuka pamoja na joto. Ikiwa na nyuzijoto 20, kila mita moja ya ujazo hubeba gramu 17 tu za maji, na zaidi ya hapo maji huanza kujitokeza. Ikiwa na nyuzijoto 10, uwezo huo hushuka hadi gramu 9 na kidogo. Ndiyo maana glasi ya maji baridi hutoa jasho mezani: hewa inayoigusa hupoa, uwezo wake hupungua, na maji yaliyozidi hubaki kwenye kioo. Sasa tuchukue jiko la kawaida, mita 3 kwa 4, lenye kimo cha mita 2 na nusu. Ndani yake mna mita za ujazo 30 za hewa. Likiwa na nyuzijoto 20, hewa yote iliyomo inaweza kushika nusu lita ya maji. Lakini hewa hiyo haikuingia ikiwa kavu. Ikiwa ilitoka nje asubuhi yenye nyuzijoto 10 na ukungu mzito, ilikuja tayari na zaidi kidogo ya robo lita. Nafasi iliyobaki katika jiko zima, kutoka sakafuni hadi darini, ni ya glasi moja ya maji.

Katika jiko hilo hilo panapikwa makande. Mahindi makavu na maharage yanataka saa nyingi motoni popote pale, lakini nyanda za juu yanataka nyingi zaidi, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 93 hivi badala ya 100, na nafaka hulainika polepole. Mpishi huchochea moto akidhani ataharakisha, kifuniko kikatupwa kando ili sufuria isifurike, na kila baada ya muda anaongeza maji. Yale maji anayoyaongeza ndiyo kipimo cha kinachotokea. Akiongeza lita mbili kabla makande hayajaiva, lita mbili zimekwenda hewani, na hewa ilikuwa na nafasi ya glasi moja. Zilizobaki zinatafuta pa kutua, na zinatua kwanza kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote. Mara nyingi kitu hicho ni bati. Usiku wa anga safi, bati hutupa joto lake juu angani hadi likawa baridi kuliko hata hewa ya nje inayoligusa. Ukiangalia kwa tochi utaona upande wake wa ndani umejaa vitone vidogo kama vya mtama, vinavyokutana kwenye mikunjo, vinateleza hadi kwenye msumari, vinakusanyika kwenye ncha yake, na hapo vinadondoka kimoja kimoja, mahali pale pale kila usiku. Watu husema bati linatoa jasho, na wengine humwita fundi wakidhani linavuja. Fundi hupaka lami kwenye msumari, na wiki inayofuata jasho linarudi.

Sasa turudi kwenye ukungu wa nje. Ile hewa ya nyuzijoto 10, iliyojaa kiasi kwamba maji yanaelea yakionekana, ikiingia jikoni na kupata joto la nyuzi 20 haibaki imejaa. Maji yaliyomo ni yale yale gramu 9, lakini uwezo wake sasa ni gramu 17. Imekuwa nusu tupu, na iko tayari kunyonya mvuke kama kitambaa kilichokamuliwa. Hewa iliyokuwa ndani, iliyojaa mvuke wa makande, ikitoka inabeba gramu 15 au 17 katika kila mita ya ujazo. Kwa kila mita ya ujazo inayobadilishana nafasi na nyingine, jiko linapungukiwa na gramu sita au zaidi za maji. Asubuhi inayoonekana mbaya kuliko zote kwa kufungua dirisha bado ni asubuhi inayokausha jiko. Kanuni hii haifanyi kazi pwani. Hewa ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi Machi tayari ina gramu 20 na ushee kabla haijaingia ndani, na kuna joto karibu sawa nje na ndani, kwa hiyo hakuna cha kupata kwa kuipasha. Ndiyo maana wajenzi wa pwani waliweka jiko uani na kuuacha upepo ufanye kazi. Ushauri wa nyumba ya Tanga usihamishiwe Lushoto bila kupimwa, ingawa ni mkoa mmoja.

Lakini joto je? Hapa ndipo hofu kubwa ilipo, na inastahili kujibiwa kwa namba. Hewa ni nyepesi. Ile iliyomo kwenye jiko letu la mita za ujazo 30, kwa mwinuko wa Njombe, haifiki kilo 30. Tuseme umefungua kila kitu na hewa yote ya nyuzijoto 20 ikatoka, ikaingia ya nyuzijoto 10. Joto lililotoka linatosha kuchemsha lita moja ya maji, yaani birika dogo la chai ya watu wanne, na halizidi hapo. Ukilinganisha na kuta, tofauti inashangaza. Kuta za tofali za kuchoma za jiko hilo zina uzito wa tani sita hivi, na ili kuta hizo zipoe kwa nyuzi moja tu ni lazima zipoteze joto zaidi ya mara 15 ya lile lililotoka na hewa yote. Joto la jiko limehifadhiwa kwenye tofali, kwenye sakafu na kwenye mafiga. Hewa ni sehemu ndogo sana ya akiba. Dirisha likifungwa baada ya dakika chache, hewa mpya inapashwa na kuta zile zile, na muda si mrefu jiko linarudi karibu pale lilipokuwa. Mwili huwa mwepesi kudanganywa katika jambo hili, kwa sababu ngozi inaigusa hewa na haiugusi ukuta. Ule ubaridi wa dakika tano unaonekana kama jiko zima limepoa.

Mvuke nao una hesabu yake. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto karibu mara nane ya lile linalopotea hewa yote ya jiko ikibadilishwa. Kila lita inayokwenda hewani kutoka kwenye sufuria isiyo na kifuniko imelipiwa kwa kuni. Kuna hoja nzuri inayoweza kutolewa hapa, na anayeijua fizikia ataitoa: mvuke unapogeuka maji tena hurudisha joto lote uliloshika, kwa hiyo si bora tuufungie ndani uturudishie? Ni kweli unarudisha, lakini angalia unamrudishia nani. Mvuke hugeuka maji pale penye baridi zaidi, yaani kwenye bati na kwenye kioo cha dirisha, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo nyuma yake hakuna kingine ila baridi ya nje. Joto linakabidhiwa bati, bati linalitupa angani, na sisi tunabaki na maji. Kisha maji hayo yakinywewa na plasta na tofali, ukuta hupitisha joto kwa urahisi zaidi kuliko ulipokuwa mkavu, kama koti lililolowa. Na kesho yake, yakianza kukauka, yanachukua joto jingine kutoka ukutani ili yageuke mvuke tena. Jiko lililofungwa vizuri na likalowa linakuwa baridi zaidi kadiri msimu unavyosonga, na wenyeji wanazidi kuziba tundu.

Namna ya kuutoa mvuke bila kupoteza zaidi ya inavyolazimu inategemea jambo moja ambalo kila aliyewahi kukaa karibu na moto amelishuhudia: hewa ya moto na mvuke hupanda. Ukiwasha kijiti cha udi, au ukichukua kijinga kinachofuka, na kukishika kwenye dirisha lililo wazi wakati sufuria inachemka, utaona moshi wake ukitoka nje sehemu ya juu ya dirisha na kurudi ndani sehemu ya chini. Katikati kuna mahali ambapo moshi unasita, haujui uende wapi. Dirisha linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na inayofanyika vizuri zaidi ni ile ya juu. Kwa hiyo njia ya kutokea iwe juu kabisa, karibu na paa, ikiwezekana moja kwa moja juu ya moto, na njia ya kuingilia iwe chini. Tundu mbili, kila moja yenye ukubwa wa karatasi ya A4, zikipishana kimo cha mita mbili, na ndani kukiwa na nyuzi 10 zaidi ya nje, zinaweza kubadilisha hewa yote ya jiko letu mara tatu na zaidi kwa saa bila feni wala umeme. Mvuke unaotoka kwa mwendo huo ni zaidi ya nusu lita kila saa, karibu sawa na unaotolewa na sufuria iliyo kwenye moto wa wastani. Gharama yake kwa joto ni ile ya kipande cha kuni chenye uzito usiofika gramu 100 kwa saa. Kipande hicho hakilingani hata kidogo na kuni zilizoko mekoni wakati huo.

Tundu la chini lina siri yake. Likiwekwa mlangoni, hewa baridi hukatiza jiko zima na kupita kwenye miguu ya watu kabla ya kuufikia moto, na hapo ndipo malalamiko yote ya upepo wa baridi yanapoanzia. Likiwekwa nyuma au ubavuni mwa meko, hewa baridi inakutana na moto kwanza. Sehemu yake inaliwa na moto wenyewe, sehemu inapashwa na mawe ya meko, na watu walioketi upande wa pili hawaisikii. Moto unahitaji hewa kwa vyovyote. Ukiuzibia tundu, moto utaivuta chini ya mlango na katikati ya mbao. Afadhali tuchague sisi ipite wapi. Chakula kikishaiva na vyombo vikishaoshwa, tundu zote mbili zifunikwe kwa kibao chenye bawaba au kifuniko cha bati, moto ukiwa umezimwa au umetolewa nje kabisa. Ukiona kaa lolote bado linang'aa, zibaki wazi.

Kwa anayepanga chumba kimoja, ambaye hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, kilichobaki ni dirisha na mlango, na hapo muda ndio unaoamua. Dirisha lililoachwa ufa wa vidole viwili kutwa nzima ndilo linaloumiza, kwa kuwa hewa inabadilika polepole huku ukuta wa kuzunguka dirisha unapoa saa baada ya saa, na ukuta uliopoa ndio unaoota weusi. Dirisha na mlango vikifunguliwa wazi kabisa kwa dakika tano au kumi, mara tu baada ya kupika, hewa yote inabadilika kabla kuta hazijapata habari. Huko Ujerumani, ambako baridi ni kali kuliko yetu na nishati ya kupashia nyumba ni ghali, watu hufungua hivyo mara kadhaa kwa siku hata theluji ikiwa nje, na desturi hiyo imeingia hadi kwenye mikataba ya upangaji.

Bado ni bora mvuke usizaliwe. Maji yakishaanza kuchemka hayaongezeki joto hata ukiyawekea moto wa kuchomea tofali. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Punguza moto mara sufuria inapochemka, weka kifuniko na ukiache na upenyo mdogo isifurike, na maharage yataiva kwa saa zile zile huku sehemu kubwa ya maji ikibaki ndani. Kuloweka maharage tangu jana yake hufupisha muda wa motoni. Sufuria ikishachemka vizuri inaweza kuhamishiwa kwenye kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu na kufunikwa kwa mto mzito, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Sufuria ya presha, ya umeme au ya kuweka motoni, inafaa sana nyanda za juu, maana inayafanya maji yachemke kwa nyuzi zaidi ya 100 mahali ambapo yangeishia 93, na karibu mvuke wote unabaki ndani yake. Ni kifaa ambacho mkazi wa Makete ana sababu kubwa zaidi ya kukinunua kuliko mkazi wa Dar es Salaam.

Mpaka hapa nimeuweka moshi kando, ingawa hakuna jiko la kuni ambalo mvuke na moshi havitoki kwa njia moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kajiado na magharibi mwa Kenya, shirika lililokuwa likiitwa ITDG lilikaa na akina mama wa vijijini na kujaribu njia mbalimbali za kuutoa moshi: kupanua madirisha, kuacha nafasi kwenye ukingo wa paa, na kuweka kofia ya bati juu ya meko yenye bomba la kutokea nje. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa kofia, kwa sababu inaukamata moshi kabla haujaenea, na kwa hiyo haihitaji jiko zima lipulizwe. Nchini Guatemala, katika nyanda za juu za San Marcos, watafiti wakiongozwa na Kirk Smith waligawa kwa kura kaya zaidi ya 500 kati ya mwaka 2002 na 2004. Nusu zikapata jiko lenye dohani, nusu zikaendelea kwanza na moto wa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi waliyoivuta watoto ilipungua kwa nusu, na nimonia kali ikapungua kwa theluthi moja hivi, ingawa nimonia kwa ujumla haikupungua kwa kiwango ambacho takwimu zingeweza kuthibitisha. Ninautaja utafiti huo pamoja na upungufu wake kwa sababu ulifanyika kwenye baridi, kwa watu wenye sababu zile zile za kufunga nyumba, na dohani ikathibitisha kwamba hewa chafu inaweza kutoka huku moto ukibaki ndani.

Wengine watasema moshi una kazi. Wazee waliweka mahindi na mbegu darini juu ya meko, na moshi ukawafukuza dumuzi na kulihifadhi paa la nyasi. Ni kweli, na lilikuwa jambo la busara. Lakini paa la nyasi lilikuwa linapumua: mvuke na moshi vilipenya taratibu katikati ya majani, na nyasi hazina baridi ya bati, kwa hiyo hazikutoa jasho. Tulipoezeka bati tulibadilisha kifuniko cha jiko kutoka kitambaa hadi sufuria, na hatukuongeza njia ya kutokea badala ya ile tuliyoiziba. Mahindi yaliyowekwa leo chini ya bati linalodondosha maji hayakauki, yanaota ukungu, na ukungu wa nafaka unaweza kuzalisha sumukuvu. Dari la mbao au la jipsamu chini ya bati linasaidia, kwa kuwa uso wake hauwi baridi kama bati, mradi njia ya mvuke ipitishwe hadi nje ya paa na isiishie juu ya dari.

Hoja nyingine ni ya gesi. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini moshi ukiondoka, ishara iliyokuwa ikimlazimisha mpishi afungue dirisha inaondoka nayo. Macho hayawashi tena, na jiko linafungwa kabisa. Gesi inapoungua inatengeneza maji: kila kilo moja ya gesi ya mtungi huacha hewani kilo 1.6 hivi za mvuke, mbali na ule wa sufuria. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, umemwaga jikoni karibu lita 10 za maji, nusu ya ndoo kubwa, bila mtu kuona tone. Nyumba zilizohamia gesi nyanda za juu na kubaki zimeziba tundu zitakuwa na hewa safi zaidi machoni na kuta chafu zaidi.

Mkaa ni jambo la mauti, na sitaki lifichwe katikati ya hesabu za joto. Jiko la mkaa halitoi moshi mwingi likishakolea, na kwa sababu hiyo kila msimu wa baridi kuna wanaoliingiza chumbani walale nalo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa. Hakuna ukubwa wa tundu ninaoweza kuupendekeza kwa jiko la mkaa katika chumba cha kulala; litolewe nje.

Wenye umeme wanaweza kutumia feni ya ukutani. Feni ndogo ya wati 30 huendeshwa kwa zaidi ya saa 30 na uniti moja ya LUKU, na ikiwekwa juu karibu na moto, ikawashwa wakati wa kupika na kuzimwa robo saa baadaye, inatosha. Ulaya wamefika mbali zaidi. Katika nyumba zinazojengwa kwa mtindo ulioanzia Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, hewa inayotoka inapishana na inayoingia ndani ya mtambo wenye bati nyembamba nyingi, haichanganyiki nayo, lakini inaikabidhi angalau robo tatu ya joto lake. Sioni sababu ya kuagiza mtambo huo kwa ajili ya Njombe, ambako tofauti ya joto ni nyuzi 10 na si 30. Kwa Mswahili anayeishi Leeds au Minneapolis hesabu inabadilika, na huko pia madhara ya kufunga yanajulikana vizuri zaidi. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba ugonjwa wa kupumua uliomuua ulitokana na kuishi muda mrefu na ukungu wa nyumba. Familia ilikuwa imelaumiwa kwa namna ilivyoishi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba nyumba haikuwa na njia za kutosha za kutolea hewa. Sehemu ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023 kuwabana wenye nyumba za kijamii inabeba jina lake.

Wapangaji wa kwetu nao wanaambiwa kwamba wanapika vibaya, wanafua ndani, wanachafua kuta, kisha wanatakiwa wapake rangi upya kabla ya kuhama. Mwenye nyumba anayejenga leo anaweza kuliepuka hilo kwa bei ya tofali mbili. Wakati ukuta unajengwa, fundi akiacha tundu moja juu ya mahali pa moto na jingine chini nyuma au ubavuni mwa meko, akaweka nondo mbili za kuzuia mwizi na wavu wa kuzuia panya na mbu, kazi hiyo haimchukui nusu saa. Ukuta ukishapigwa plasta na bati likishafungwa, tundu lile lile linataka patasi, siku nzima, na ruhusa ambayo mpangaji hapewi.